Reti Imeshuka, Tajiri

Dalali wangu wa mizigo ya malori akiwa na reti nzuri, yaani bei ya kubeba mzigo, hupiga simu. Akiwa na reti mbaya hutuma ujumbe wa sauti. Kwa hiyo asubuhi moja ya Machi 2025, nilipoona amenitumia sauti ya sekunde 14, nilijua habari yenyewe kabla sijaibonyeza. "Mkuu, za asubuhi. Salfa ipo, inakwenda Kolwezi. Ila reti imeshuka kidogo. Wenzako wanachukua."

Wenzako wanachukua. Ukitaka kulielewa soko letu sisi wa gari moja moja, anzia kwenye hayo maneno mawili. Bei ya dizeli ina mwenyewe: Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo, unaisoma, unaguna, unaendelea na maisha. Reti ya mzigo haina mwenyewe. Inapangwa na mwenye shida kuliko wote siku hiyo. Kama pale Kurasini, jirani na bandari ya Dar, kuna mtu gari lake limelala wiki mbili na kesho ana rejesho la benki, akikubali yeye, tumekubali wote.

Siku ile sikuchukua. Msinipe sifa ya ujasiri, maana kuna miaka nilichukua kila kitu.

Niliendesha magari ya watu kwa miaka 11 kabla ya kununua la kwangu, kichwa cha Scania cha mtumba na tela la flati. Madereva wetu humwita mwenye gari "tajiri". Nimewaita watu tajiri miaka yote hiyo, tena kwa moyo mweupe, nikiamini ni kweli. Mara ya kwanza dereva wangu kuniita mimi tajiri, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwa fundi, Tandika, nikisubiri shemeji anirushie shilingi 50,000 ya kumalizia ada ya mtoto. Nikaitikia, ningefanyaje.

Njia yetu mnaijua. Dar es Salaam hadi Tunduma ni kilomita 900 na ushee, unavuka Nakonde, unaikata Zambia mpaka Kapiri Mposhi, unapanda Kitwe na Chingola, unaingia Congo kwa Kasumbalesa. Kufika Lubumbashi umeshatembea karibu kilomita 2,000. Kolwezi bado kilomita 300 mbele. Kinachotupeleka huko mara nyingi ni salfa, ule unga wa njano unaokuja kwa meli na kwenda kuchomwa kwenye viwanda vya migodi ili kupata asidi ya kuyeyushia shaba na kobalti. Kinachoturudisha, ukibahatika, ni shaba yenyewe.

Mgodi hautujui. Mgodi unampa kazi wakala wa mizigo, wakala anaipa kampuni kubwa ya malori kwa mkataba, na kampuni hiyo ina magari yake. Ila meli ya tani 30,000 ni mzigo wa malori kama 1,000, na kampuni haina malori 1,000. Hapo ndipo dalali anapotafuta namba zetu. Kila mmoja njiani anabaki na chake, na kinachotufikia sisi ni kama chai iliyohamishwa vikombe vinne: kidogo, na imepoa. Lakini ukishajua kwamba wewe ni ziada ya meli, unajifunza kuangalia meli. Siku za kwanza baada ya meli kufunga gati, wenye mzigo wana haraka na reti inainuka. Wiki mbili tatu baadaye magari yaliyotoka yanaanza kurudi, yanajaa Kurasini na Vigwaza, na reti inaanguka. Siku hizi nafuatilia ratiba ya meli kuliko ratiba ya ligi, na mimi ni mtu wa Yanga.

Somo la kwanza la hesabu nilipewa na mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilianza Februari, na kufika katikati ya mwaka dizeli ilikuwa imepita shilingi 3,000 kwa lita, hata serikali ilipoanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Gari langu likiwa na mzigo linakula nusu lita kwa kilomita, ukiweka na milima. Kwa hiyo kwenda Lubumbashi ni lita 1,000. Maana yake kila shilingi 100 inayopanda kwa lita ni shilingi 100,000 inayotoka mfukoni mwangu kwa safari ya kwenda peke yake. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne, lakini sikuwahi kuifanya. Nilikuwa naangalia reti, naangalia fedha ya mafuta ninayompa dereva, nabakiwa na kitu, naita faida. Mwisho wa mwaka ule tairi za tela zilibaki kipara na fedha ya kununua nyingine haikuwepo. Kumbe nilikuwa nakula tairi.

Mke wangu ndiye aliyeleta kaunta buku. Yeye anauza vitenge, na kwenye biashara yake kila doti ina mstari wake. Akanipigia mistari: mafuta, ushuru wa barabara, vibali, posho, tairi kwa kilomita, bima, rejesho. Halafu akapiga mstari mmoja ambao sikuuelewa, akauandika "siku".

"Siku za nini?"

"Siku alizokaa huko, baba. Mimi doti ikikaa kabatini miezi mitatu siiti faida."

Nilicheka. Nikajaza kwa kumridhisha.

Mwaka 2024 ndio ulionicheka mimi. Safari ya kwanza niliyoijaza vizuri ilikuwa ya reti ya juu, Kolwezi, mzigo ambao nilijisifia kwa wenzangu kijiweni. Baada ya mafuta, ushuru, vibali na posho nilibakiwa na dola 1,290. Ya pili ilikuwa ya Lubumbashi kwa reti niliyoona aibu kuitaja. Ikabaki dola 1,040. Ukisimama hapo, ya kwanza imeshinda. Lakini ya kwanza ilichukua siku 43 na ya pili siku 26. Dola 30 kwa siku, dola 40 kwa siku. Na benki haisubiri, rejesho linahesabu siku hizo hizo. Nilikaa na lile daftari mpaka mke wangu akauliza kama kuna msiba.

Siku 43 zilikwenda wapi? Foleni ya Kasumbalesa ilikula siku 9. Yadi ya mgodi ilikula 12. Dereva wangu alikaa nje ya geti siku 12, anapika ugali chini ya tela kwa jiko la gesi la kilo 3, anafua, anaanika kwenye kamba aliyofunga kati ya kioo cha upande na mti. Kila asubuhi alinitumia salamu na picha ya foleni. Siku ya sita aliacha kutuma picha, akawa anaandika tu "bado tajiri".

Mkataba ulisema zikipita siku 3 za bure nalipwa fidia kwa kila siku ya kusimama. Nikadai. Kampuni iliyonipa mzigo, ambayo sitaitaja kwa sababu nataka amani, ilinijibu kwa upole kabisa kwamba muhuri kwenye hati unaonyesha gari limepokelewa tarehe 21 na kushusha tarehe 22, kwa hiyo fidia haipo. Ni kweli. Muhuri ulionyesha hivyo, kwa sababu dereva alipewa muhuri siku aliyoingia ndani. Siku 12 za nje ya geti hazikuwa kwenye karatasi yoyote duniani, isipokuwa kwenye zile picha za foleni, ambazo hazikuwa na saini ya mtu.

Tangu hapo dereva wangu ana kazi moja kabla hata hajazima injini: anashuka na karatasi niliyoichapa mwenyewe, ina namba ya gari, namba ya mzigo, tarehe na saa ya kufika getini, na sehemu ya mlinzi kuandika jina na kusaini. Nimeiweka kwa Kifaransa upande mmoja, nilisaidiwa na kijana mmoja wa Lubumbashi anayesoma Dar. Walinzi wengine wanasaini bila shida. Wengine wanataka soda. Soda naihesabu, ina mstari wake kwenye kaunta buku. Akishasaini, dereva anapiga picha karatasi ikiwa mkononi na geti likionekana nyuma, ananitumia, nami naituma kwa aliyenipa mzigo saa hiyo hiyo, sisubiri. Mara ya kwanza kufanya hivi gari lilishushwa siku ya 4. Sijui kama ni ile picha. Najua kwamba fidia ya siku moja ililipwa, dola zake nilizitazama kwenye simu kama zawadi ya Eid.

Kwa hiyo swali langu kwa dalali si reti tena. Nauliza: anashusha wapi, nani anapokea, hati zimeshaandaliwa au zinasubiri gari lifike mpakani? Madalali wengi hawana majibu. Asiye na majibu ananipa reti ya juu, na sasa najua kwa nini.

Kuna mambo hata ukiuliza vipi hayazuiliki. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Congo kwa siku kadhaa, baada ya vurugu za Kasumbalesa zilizotokana na Congo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Bia! Gari langu lilikuwa na salfa, halina hata soda, likalala Chililabombwe kwa ugomvi wa bia. Siku kama hizo unazipokea kama mvua.

Halafu ikaja dola. Reti zetu za nje ni za dola na madeni yetu ni ya shilingi, na kwa miaka mingi hilo lilikuwa raha yetu. Shilingi ikidhoofika, sisi tunanenepa kidogo. Oktoba 2024 dola ilikuwa juu ya shilingi 2,700. Kufika mwisho wa Desemba ilikuwa inachezea 2,400. Reti haikuguswa hata senti, mkataba ni ule ule, lakini katika kila dola 1,000 shilingi kama 300,000 zilikuwa zimeyeyuka. Watu wengine walisherehekea shilingi kupanda. Mimi nilikwenda kwa muuza tairi nikitegemea bei itashuka, kwa kuwa siku zote alikuwa ananiambia "dola imepanda, kaka". Akaniambia huu ni mzigo wa zamani. Mzigo wa zamani huwa haupo dola ikipanda.

Nilichofanya ni kuacha kuweka dola ndani nikisubiri ipande. Malipo yakiingia nabadilisha sehemu ya rejesho na ya mshahara siku hiyo hiyo, inayobaki inarudi njiani kama ushuru wa Zambia na Congo, ambako dola inatumika kama dola. Kubahatisha nimewaachia wenye magari 50.

Mzigo wa kurudi ndio unaoamua kama safari ilikuwa biashara au utalii. Shaba inakuja kwa vifurushi vya mabamba vilivyofungwa mikanda ya chuma, unapakia tani 30 na ushee na tela linaonekana karibu tupu, ukilitazama kwa mbali ungedhani dereva kaibiwa. Thamani yake ndiyo inayotutupa nje. Bima ya mzigo inayodaiwa ni kubwa, ufuatiliaji unataka mitambo yake, na hakuna mtu anayempa mwenye gari moja shaba mkononi. Unaibeba kwa jina la kampuni kubwa, kwa bima yao, na wao wanakata chao. Nilikuwa nanung'unika sana kuhusu makato hayo. Siku hizi nanung'unika kwa sauti ya chini, kwa sababu nimejaribu kurudi tupu. Kilomita 2,300 za kusukuma hewa.

Februari 2025 Congo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, kwanza kwa miezi minne, ikaongezwa, na kuanzia Oktoba ukaja utaratibu wa viwango maalum. Lengo lao lilikuwa bei ya dunia iinuke, haki yao. Lakini gari lililozoea kurudi na mifuko ya kobalti halilali porini, linakwenda kupanga foleni ya shaba. Ndiyo maana ule ujumbe wa sekunde 14 wa Machi niliuacha. Reti ya kwenda ilikuwa imeshuka kidogo tu, ningeimeza. Nilipopiga simu Lubumbashi kuuliza habari ya kurudi, jamaa alicheka. Alicheka kwanza, ndipo akanisalimia.

Hapo kuna watu wanaotafuta njia ya mkato, na mimi niliwahi. Reti ikiwa ya tani, akili inakutuma uongeze tani. Sheria ya Afrika Mashariki inayotumika kwetu tangu Machi 2019 inakupa tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, uzito wa gari na mzigo pamoja, na kati ya Dar na mpaka unakutana na mizani ya Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba. Utapita mmoja kwa ujanja, utanaswa wa pili, na faini inameza safari. Nilichogundua ni kwamba huwezi kuongeza mzigo, lakini unaweza kupunguza gari. Nililipima tela tupu, nikatoa kasha la chuma la vifaa lililojaa takataka za miaka, kilo 180 za boliti na minyororo iliyokufa, nikaondoa tairi moja la akiba kati ya mawili. Uzito huo sasa ni mzigo unaolipiwa, kila safari. Dereva aliliomboleza lile kasha kama ndugu.

Kosa ambalo sitakubali kulifanya ni la dereva. Reti ikishuka, matajiri wengi wanaanzia hapo: posho inapunguzwa, wanasema mambo magumu, tuvumiliane. Mimi nimekuwa upande ule wa usukani. Najua anachofanya dereva aliyepunguziwa posho akifika sehemu fulani ya barabara usiku, ambapo vijana wenye madumu wanajua magari kwa mlio. Lita 60 zinatoka bila hata kuzima redio. Sisemi ni sawa, ila najua bei yake: unaokoa posho ya shilingi 100,000, unapoteza mafuta ya zaidi ya hiyo, na unampoteza mtu anayejua kushuka Kitonga bila kuchoma breki. Posho ya dereva wangu haijashuka tangu 2022. Mengine yote yameshuka.

Kipindi kile cha kobalti nililirudisha gari nyumbani. Wenzangu waliona nimeshuka daraja, mtu wa Congo anabeba mbolea! Lakini Nyanda za Juu Kusini kuna misimu inayotabirika kuliko mgodi wowote. Kabla ya mvua za Novemba mbolea inapanda Makambako na Mbeya. Kushuka kuna mbao za Mafinga mwaka mzima, na mchele na mahindi kwa zamu zake. Reti ni ya shilingi, ndogo, inachekesha ukiilinganisha. Safari ni siku 5 au 6, hakuna mpaka, hakuna geti la siku 12, na fedha inalipwa mzigo ukiwa bado unashushwa. Nilishasikia habari kama hizi mwaka 2022 makaa ya mawe ya Ruvuma yalipoanza kukimbilia bandari ya Mtwara kwa ajili ya Ulaya, na malori yakahamia Songea kama nzige. Sikwenda. Nilikuwa najiona mtu wa kimataifa.

Congo sijaiacha. Tuko watatu sasa, kila mmoja na gari lake, tumekubaliana kujibu dalali kwa mdomo mmoja: magari 3 au hakuna. Magari 3 yanayofika pamoja na karatasi zilizonyooka ni kitu ambacho kampuni inakipenda kuliko magari 3 ya watu 3, na mara mbili tumepata nyongeza ndogo kwa sababu hiyo tu. Hatuna ofisi. Tuna tairi za akiba tunazochangia, na mmoja wetu anajua Kibemba. Watu wananiuliza kuhusu reli, kwamba Lobito kule Angola imeshaanza kubeba shaba, kwamba TAZARA yenye kilomita zake 1,860 inafufuliwa na Wachina kwa dola bilioni 1.4. Nadhani itatuumiza kwenye salfa kabla ya kwenye shaba. Lakini nimeanza kufikiria Kapiri Mposhi, TAZARA inakoishia, maana treni haifiki kwenye geti la mgodi.

Ninavyoandika hivi gari liko Makambako, linashusha mbolea, limebakisha mifuko kama 200. Dalali amepiga simu muda si mrefu. Amepiga, hakutuma sauti, na kweli reti aliyoitaja sijaisikia tangu mwaka jana. Kolwezi, tani 32, malipo ya awali nusu.

Nikamuuliza nani anapokea.

"Mkuu, hiyo reti hujaisikia vizuri?"

"Nimeisikia. Nani anapokea, na mara ya mwisho gari limekaa pale siku ngapi?"

Kimya. Nikasikia mtu nyuma yake akiagiza chapati mbili. "Ngoja nikuulizie, nakurudia sasa hivi."

Imepita saa moja na nusu. Nimeshapiga simu Mafinga.